Saa ya ajali iandikwe: namna ya kumpokea majeruhi anayevuja damu

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Majeruhi wengi wanatufikia kwa bodaboda, kwa bajaji au nyuma ya pikapu ya msamaria mwema. Wanaoletwa na ambulansi ni wachache. Nawaandikia wadogo zangu, wauguzi na madaktari mnaoanza mafunzo kwa vitendo. Chuoni mmefundishwa hatua zote, lakini moja husahaulika kila siku, nayo ni kuandika saa. Mtu anapokelewa, anafungwa kidonda, anawekewa dripu, anapelekwa thieta (chumba cha upasuaji), na faili zima halisemi aliumia saa ngapi.

Damu kwanza

Ukiingia zamu fungua droo kabla hujaambiwa. Hakikisha glovu, gozi, mkasi, kanula (vijirija vya kuweka mshipani) kubwa za rangi ya kijivu na chungwa, plasta na kalamu ya wino mzito vipo. Majeruhi akishafika hakuna muda wa kutafuta.

Mtu akiwa anamwaga damu mbele ya macho yako, damu inazuiwa kwanza, au wewe unakandamiza huku mwenzako anaangalia njia ya hewa. Weka gozi penye kidonda, kandamiza kwa viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wako wote uwe juu yake. Usifunue kila dakika kuchungulia, maana kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Gozi likilowa ongeza jingine na ukaze mkono. Kama damu inazidi kupita, hapo ndipo utoe yote, utafute pale hasa inapotokea, ujaze gozi ndani ya kidonda na kukandamiza upya.

Damu ya mkono au mguu ikikataa kukoma, funga turniketi, yaani mkanda wa kukaba damu, vidole vinne juu ya kidonda, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Kaza mpaka damu ikome kabisa. Mgonjwa atalia kwa maumivu. Mpe dawa ya maumivu, usilegeze. Wengi watakuja wamefungwa tayari na ndugu, kwa kamba ya kiatu au kipande chembamba cha kanga. Kamba ya namna hiyo mara nyingi huzuia damu inayorudi moyoni na kuiacha inayotoka moyoni iendelee kuja, hivyo kidonda kinazidi kuvuja. Weka yako pana kwanza, ikaze, ndipo ukate ile ya ndugu. Kisha andika saa uliyokaza kwa wino mzito kwenye plasta, uibandike mahali ambapo mtu wa thieta ataiona bila kufunua shuka. Ikipita masaa 2 kiungo kiko hatarini, na anayempokea huko hawezi kukisia.

Nyonga nayo inahitaji maneno mengi kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuvuja damu hadi kufa na nje usione tone. Aliyegongwa na gari, akilalamika maumivu ya nyonga au presha ikiwa chini bila sababu unayoiona, usimtikise nyonga kupima kama imevunjika. Kunja shuka la wodini liwe na upana wa kama sentimita 25, lipitishe chini ya magoti, ulivute taratibu kupanda juu. Sasa tafuta kwa vidole ule mfupa unaochomoza pembeni kabisa, juu ya paja. Hapo ndipo shuka linapokaa. Wengi hulifunga kiunoni, juu mno, na huko halisaidii. Watu wawili wavute, mmoja kila upande, lifungwe fundo, halafu magoti yafungwe pamoja. Kanga mbili zilizokunjwa vizuri zinafanya kazi hiyohiyo.

Baada ya hapo fuata utaratibu uliozoea: njia ya hewa, pumzi, oksijeni, kanula mbili kubwa, damu ya kupima kundi na kutafuta inayolingana. Vua nguo zilizolowa, kisha mfunike mgonjwa. Aliyepoteza damu akipata baridi, damu yake haigandi vizuri, hata kama Morogoro nje kuna joto.

Kuuliza saa

Mwenzako mmoja, hata mhudumu wa machela, amfuate aliyemleta majeruhi kabla hajaondoka. Dereva wa bodaboda akishashusha mtu anageuza, na wewe umepoteza shahidi wako pekee. Ukimuuliza saa ngapi, wengi hujibu "muda si mrefu". Usiridhike. Mwambie afungue simu: simu ya kwanza aliyopiga kutafuta msaada ilikuwa saa ngapi? Simu inaonyesha mpaka dakika. Kama hakupiga, muulize kama adhana ya magharibi ilikuwa imeshasikika, kama taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa imeanza, au basi liliondoka stendi saa ngapi. Saa ya kukadiria iandikwe kuwa ni ya kukadiria. Hata hiyo ina faida kuliko nafasi tupu.

Kisha iandike kwa mfumo wa saa 24. Ndugu akisema saa mbili usiku, kwenye faili iwe 20:00. Ukiandika "2" peke yake, daktari wa hospitali ya rufaa atadhani ni alasiri, atahesabu masaa, na atamnyima dawa mtu aliyestahili kuipata. Saa za mchana ongeza 6, za usiku ongeza 18, na zikifika 24 au kuzidi, ondoa 24: saa nane usiku inakuwa 02:00.

Dawa ninayoisema ni asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyushwe mapema. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa CRASH-2, uliopima dawa hiyo kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40. Waliochunguza tena takwimu hizo mwaka uliofuata waliona jambo ambalo kila mwenye zamu anapaswa kulishika. Waliopewa dawa ndani ya saa ya kwanza, waliokufa kwa kuvuja damu walikuwa kama 53 katika kila 1000, na wenzao ambao hawakuipata 77. Lakini waliopewa baada ya masaa 3 walikufa 44 katika kila 1000, dhidi ya 31 kwa wasiopewa. Dawa ileile, kipimo kilekile. Kilichobadilika ni saa. Uchambuzi wa 2018, uliojumlisha pia akina mama waliotoka damu nyingi baada ya kujifungua, ulionyesha kuwa kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida kwa takriban asilimia 10.

Kwa mtu mzima ni gramu 1 ndani ya dakika 10, na kwa majeruhi inafuata gramu 1 nyingine polepole kwa masaa 8. Ampuli nyingi zina miligramu 500, kwa hiyo gramu 1 ni ampuli mbili. Soma chupa kila mara. Changanya kwenye mililita 100 za maji ya dripu ya chumvi uyaache yatiririke. Ukisukuma kwa bomba la sindano kwa haraka, presha inaweza kuanguka.

Maji ya dripu yasimiminwe ovyo. Damu inarudishiwa kwa damu. Wakati mnaisubiri, mpe mililita 250 za maji hayo, gusa mapigo kwenye kifundo cha mkono. Yakisikika na mtu anakujibu, simama hapo. Aliyeumia kichwa ni habari nyingine, presha yake isiachwe chini. Hapa naomba mkumbuke utafiti wa FEAST, uliotoka 2011. Ulifanywa kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, katika hospitali za Kenya, Uganda na ya kwetu hapa Tanzania, Teule kule Muheza. Wote tuliamini kumimina maji haraka kunaokoa. Waliomiminiwa walikufa karibu 11 katika kila 100, waliopewa taratibu walikufa 7. Wale hawakuwa majeruhi, na matokeo yao hayahamishwi moja kwa moja kwa mtu wa ajali. Lakini mazoea ya dunia nzima yalipimwa Muheza na Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda, na yakakutwa na kasoro. Ndiyo maana siwezi kukubali mtu aniambie utafiti ni kazi ya wakubwa wa mbali.

Kuhusu PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi: ndugu aifuate polisi wakati wewe unaendelea na kazi. Damu haisubiri fomu.

Rejista iwe na maswali

Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanza kusomesha mabingwa wa tiba ya dharura. Sisi wa barabarani hatuna bingwa kila zamu, ila tuna majeruhi na tuna rejista. Ongezeni safu tatu: saa ya kuumia, saa ya kufika, saa ya dawa. Msiongeze kumi, maana usiku wa manane hakuna atakayezijaza.

Baada ya miezi michache chagueni swali moja tu, kwa mfano inapita dakika ngapi tangu mtu kufika mpaka apate dawa. Andikeni dakika hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, mchukue ile iliyo katikati kabisa. Msitumie wastani wa kujumlisha na kugawa, kwa sababu mmoja aliyesubiri masaa matano ataupotosha. Waliokosa saa nao wahesabiwe. Wakiwa wengi, hilo ndilo tatizo la kwanza kushughulikia, na pengine wote ni wa zamu ya usiku. Majina yasitoke nje ya rejista. Mkitaka kuchapisha, kibali cha maadili kinaombwa kabla ya kuanza, uongozi wa hospitali na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) watawaelekeza.

Pelekeni jibu kwenye kikao cha asubuhi, mkiwa na pendekezo moja. Kwa mfano, dawa ikitunzwa duka la dawa lililo upande wa pili wa jengo, ombeni ampuli nne zikae kwenye droo ya chumba cha dharura, zihesabiwe kila kukabidhiana zamu. Halafu mpime tena dakika zilezile, kwa rejista ileile.