Umezoea kuigiza uwanjani, sasa umeitwa kwenye filamu: anza hivi

Niliigiza uwanjani miaka kumi na moja kabla kamera haijanielekea. Kundi letu lilikuwa likizunguka vijiji vya Lindi, tunaigiza chini ya miembe na mikorosho bila kipaza sauti, na bibi aliyetandika mkeka wake nyuma kabisa alikuwa na haki ya kusikia kila neno. Ukilelewa hapo, sauti inatoka tumboni, mkono unanyooka hadi mwisho, jicho unalikodoa ili hata aliye mbali alione.

Siku moja nikaitwa Mikindani kuigiza mama aliyefiwa. Nikalia kama ninavyolia uwanjani. Kijana wa sauti akavua vifaa vyake vya masikioni. Muongozaji alirudia ile sini, yaani kile kipande cha hadithi, hadi jua likaanza kushuka, mwisho akaniondolea maneno yote, akanipiga picha kwa mgongo. Nilirudi Lindi jioni ile sijasema na mtu, na iliniuma kwa miezi.

Mabinti wa makundi yetu wananiuliza nilijinyanyuaje. Nilijinyanyua hivi.

Usitupe ulichojifunza uwanjani. Watakuja watu wakuambie usahau maigizo, uanze upya. Hapana, mdogo wangu. Mtazame Judi Dench, Mwingereza aliyezaliwa York mwaka 1934. Alianza jukwaani mwaka 1957 akiwa Ophelia katika Hamlet, mchezo wa Shakespeare. Amesimulia mwenyewe kwamba akiwa bado kijana, mtu wa filamu alimwambia uso wake haufai. Filamu alizipata mojamoja, lakini kazi yake kubwa ilibaki jukwaani kwa miongo mingi. Alipomwigiza M, mkuu wa James Bond, katika GoldenEye ya 1995, alikuwa na miaka 60. Mwaka 1998 akawa Malkia Elizabeth wa Kwanza katika Shakespeare in Love. Filamu nzima anaonekana kama dakika nane tu, na dakika hizo zikampa Oscar. Zitafute uzitazame: mwili umetulia ndani ya gauni zito, kichwa hakitikisiki, kila neno analiweka mahali pake kama mtu anayehesabu fedha. Utulivu ule ni wa mtu aliyezoea kushika ukumbi.

Sasa, jambo lililonisaidia kuliko yote: usiruke kutoka uwanjani moja kwa moja hadi kwenye kamera. Pitia chumba kidogo. Mwaka 1976 Dench aliigiza Lady Macbeth katika Macbeth, mchezo mwingine wa Shakespeare, pamoja na mwigizaji Ian McKellen mjini Stratford, Uingereza, katika ukumbi ulioitwa The Other Place. Ulikuwa banda la bati, watazamaji wamekaa karibu kabisa na waigizaji. Baadaye mchezo ule ule ukarekodiwa kwa televisheni, kamera ikiwa usoni mwao, na ukakubali, kwa sababu ulikuwa umeshajifunza kunong'ona.

Banda la bati sisi tunalo. Ghala la korosho huwa tupu kabla ya msimu, na mwenye ghala mtaani kwetu alituruhusu kulitumia jioni. Muweke mwenzako hatua thelathini, sema maneno yako kama ulivyozoea. Msogeze hatua kumi, useme yale yale. Kisha hatua tatu, kisha magoti yenu yakaribie kugusana. Kila anapohisi unamhubiria, ainue mkono, nawe urudie. Usipunguze uchungu, punguza safari yake. Uwanjani uchungu unavuka umati mzima, ila kwenye kamera unatoka moyoni na kuishia machoni. Mimi ilinichukua wiki sita, na nyusi ndizo zilizonishinda mwisho.

Hapo ndipo uilete simu. Iegemeze kwenye ndoo, ujirekodi kuanzia kifuani kwenda juu, kisha ujitazame kwanza bila sauti. Kama hadithi inaeleweka na huku uso haujahangaika, umefika.

Mengine utayazoea haraka. Sini hazipigwi kwa mpangilio: unaweza kuzika mume Jumatatu na kuolewa naye Jumatano, kwa hiyo beba daftari, uandike kila sini moyo wako ulikuwa wapi. Kumbuka kikombe ulikishika kwa mkono gani, maana wataipiga tena kutoka upande mwingine. Simama kwenye alama ya chaki uliyowekewa chini, bila kuitazama. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, usishindane nao kwa sauti. Nyamaza, wa sauti atajua la kufanya.

Kuhusu kushika maneno, wengi wetu tumeyazoea kwa sikio, na wapo wanaoona haya kusema kwamba kusoma kunawachelewesha. Usione haya. Macho ya Dench yalipofifia hadi asiweze kusoma mswada, alianza kusomewa na watu wake mpaka maneno yaingie. Mimi husomewa na binti wa dada yangu wakati nabangua korosho. Anasoma sehemu za wenzangu kwa sauti ya kawaida tu, bila kuigiza, akifika kwangu ananyamaza, nami najibu huku mikono ikiendelea na kazi. Maneno yanapotoka bila mikono kusimama, namwambia afunge karatasi.