LICENSE na NOTICE: fungua mzigo kwanza ndo uandike karatasi

Wakuu, wengi wetu tukitaka kutoa toleo jipya la programu huria tunahangaika na kodi (hii ya kompyuta, sio ya TRA), testi zipite, namba ya toleo ikae sawa, halafu lile faili la LICENSE (lenye masharti ya leseni) tunalikopi tu toka ripo ya mwaka juzi tunasonga. Mimi mwenyewe nilikuwa hivohivo, mpaka siku tumeweka zip ya toleo watu waikague wapige kura, jamaa mmoja akaifungua, dakika kumi hazijaisha karudi na -1 yake, yaani kura ya kupinga, kisa foda la fonti ambalo hata sisi tulishasahau kama lipo. Tagi mpya, zip mpya, kura upya, siku tatu nyingine za kusubiri.

Jambo lenyewe liko hivi. LICENSE na NOTICE (faili la matangazo ya haki miliki) zinaeleza kilichomo ndani ya ile pakiti mtu anayoshusha, basi. Sio kilichoandikwa kwenye pom.xml wala package.json, yale mafaili yanayoorodhesha laibrari (kodi za watu wengine) ambazo mradi unazitegemea. Ni kama unatuma mzigo kwa basi kwenda Mbeya, karatasi inaandikwa maboksi yaliyopanda basi, yaliyobaki stoo hayahusiki. Kwahiyo laibrari ambayo mtumiaji ataishusha mwenyewe toka maghala ya mtandaoni kama Maven Central au npm wakati anabildi (anageuza kodi ya chanzo kuwa programu), na kwenye zip yako haimo, usiiandike. Ila jquery.min.js uliyoidondosha kwenye foda la static miaka mitatu iliyopita hiyo imo, na inakuhusu.

Kwahiyo kabla hujaandika chochote fungua zip yenyewe, sio ripo, zip:

unzip -l mradi-2.1.0-src.zip | less

Macho yatafute foda za vendor, third_party, lib, fonts, na faili zozote za .min.js. Ukishaifungua kabisa ingia ndani upige:

grep -rniE "copyright|@license" . | less

Hapa ndo utakuta vile vifaili ambavyo mtu alikopi fankisheni moja toka mradi mwingine, akaacha kichwa chake (maneno ya leseni juu ya faili) na jina la mwenyewe. Kuna na Apache RAT, zana ya Apache (shirika la programu huria), inakagua faili gani hazina kichwa cha leseni, inasaidia sana ila haikuandikii LICENSE yako, hiyo kazi ni ya kwako.

Sasa LICENSE. Juu kabisa weka leseni yako nzima bila kugusa neno. Hii leseni ya Apache 2.0 ya Januari 2004 ina kiambatisho mwishoni chenye mabano ya mwaka na jina la mwenye haki, na watu kibao wanajaza majina yao palepale. Usijaze aisee, kile ni kielelezo tu cha kukopi kwenda juu ya faili zako za kodi, ndani ya LICENSE kinabaki na mabano yake.

Chini ya hapo ndo unaorodhesha wageni, yaani kazi za watu wengine zilizomo kwenye pakiti. Unaweza kubandika leseni nzima ya kila mmoja au ukaelekeza kwenye faili lililomo ndani ya pakiti hiyohiyo, mimi napenda ya pili maana LICENSE inabaki inasomeka:

jQuery 3.7.1, static/js/jquery.min.js
leseni MIT, soma licenses/LICENSE-jquery.txt

Kuandika tu kwamba hii ni MIT haitoshi, leseni yenyewe inataka mstari wa haki miliki na maneno ya ruhusa viende na kila kopi, na ule mstari wa kila mradi una jina lake. Ndo maana huwezi kuwa na faili moja la MIT ukasema linabeba laibrari zote kumi na mbili. Leseni ya BSD nayo hivohivo, hata ukitoa kitu kilichobildiwa bila chanzo bado unatakiwa uweke. Na kuna mizigo ya ajabu kidogo, Font Awesome (seti ya ikoni) ya bure kwa mfano, fonti ni SIL OFL 1.1, ikoni ni CC BY 4.0, kodi ni MIT, pakiti moja leseni tatu. Na ukikuta matoleo ya zamani ya org.json (laibrari ya Java) soma leseni yake kabla hujacheka, inasema programu itumike kwa wema sio kwa uovu, na kwa sentensi hiyo Apache wakaipiga marufuku kwenye miradi yao mwaka 2016.

Tuje NOTICE, na hapa ndo watu wanaharibu kwa kuwa wakarimu kupita kiasi. Wanaona jina NOTICE wanadhani ni ukurasa wa shukrani, wanarundika kila MIT na kila BSD. Hapana. Soma kifungu cha 4(d) cha Apache 2.0, kinasema kama kazi uliyochukua ina faili la NOTICE, basi ukiisambaza lazima ubebe yale matangazo ya haki yaliyomo, ukiacha yale yasiyohusu sehemu unayosambaza. Maana yake kila mstari unaoweka wewe leo, kila atakayetumia kazi yako ataubeba, na atakayetumia ya kwake pia, mnyororo hauishi. Niliwahi kufyeka NOTICE ya kurasa nne ikabaki mistari mitano na hakuna sheria iliyovunjika.

Kwahiyo utaratibu wangu: MIT na BSD zinaishia kwenye LICENSE. Laibrari ya Apache 2.0 isiyo na NOTICE huongezi kitu. Ikiwa nayo, unaifungua uisome, hapa imo ndani ya jar (pakiti ya Java iliyobildiwa):

unzip -p commons-lang3-3.12.0.jar META-INF/NOTICE.txt

halafu unachukua kinachohusu. Na kama mradi ni wako binafsi, hauko chini ya shirika la Apache, na huna kitu cha kuandika humo, usitengeneze NOTICE kabisa, sio lazima.

Pakiti ya kubildiwa inataka karatasi zake yenyewe, zip ya chanzo inaweza kuwa na mgeni mmoja wakati zip yenye jar ina thelathini. Balaa lenyewe ni jar moja kubwa iliyomeza zingine zote, kila laibrari imekuja na META-INF/LICENSE yake, majina yanafanana, zinagongana na inabaki moja. Ukitumia shade plugin ya Maven (zana ya kubildi Java), ndo inayounda jar kama hiyo, ApacheNoticeResourceTransformer inaunganisha NOTICE zote, ila ApacheLicenseResourceTransformer inazitupa LICENSE za wageni, kwahiyo hiyo LICENSE unaiandika kwa mkono na kuiingiza na IncludeResourceTransformer. Halafu fungua jar ya mwisho uangalie kwa macho, usiamini pom.

Upande wa javascript ukibildi na webpack 5 (zana ya kuunganisha na kubana kodi) unakuta kifaili main.js.LICENSE.txt pembeni, watu wanakifuta wakidhani takataka. Kiache, ndo maneno ya leseni yaliyong'olewa kwenye kodi wakati inabanwa.

Na wa Docker nao, ukitaka kupunguza ukubwa wa imeji (pakiti yenye programu pamoja na mfumo wake) usipige rm -rf /usr/share/doc kichwakichwa, kwenye Debian (aina ya Linux) leseni za kila pakiti zinakaa humo kwenye faili linaloitwa copyright. Hata imeji za Debian slim (zilizopunguzwa) wenyewe zinafuta nyaraka zote zilizomo humo ila copyright zinaachwa.