Kufanya vitufe vyako vya Word vifuate mwoneko

Mdogo wangu anachapa tafiti za wanafunzi kwenye steshenari moja ya Nyegezi, Mwanza. Alitaka vitufe nilivyomtengenezea, vya kupandisha na kushusha vichwa, vionekane akiwa kwenye mwoneko (view) wa Outline tu; akirudi Print Layout vijifiche. Nikamwambia hiyo kazi ya nusu saa. Nilipomaliza, makonda wa Buzuruga walikuwa wameshaanza kuita abiria wa asubuhi.

Hatua ya 1. Tengeneza kiolezo cha dotm (kile kinachobeba makro), kiweke kwenye folda ya STARTUP ya Word.

Hatua ya 2. Chora utepe (ribbon, ule ukanda wa vitufe juu ya Word) kwa programu ya Office RibbonX Editor. Wapo wanaobadili faili kuwa zip na kuchokonoa XML kwa mkono; waache na shida zao. Funga Word kwanza. Kwenye tagi ya customUI weka onLoad="UtepeUmefika", kwenye tagi ya group weka getVisible="Ionekane". Hayo ni majina ya callback, yaani makro za VBA ambazo Word inaziita yenyewe. UtepeUmefika kazi yake ni moja: kuhifadhi ule utepe ndani ya variable ya Public.

Hatua ya 3. Word haina tukio (event) la kubadilika kwa mwoneko. Usilitafute, mimi nimeshalitafuta. Tumia WindowSelectionChange, tukio la kishale kuhama: mtu akishabadili mwoneko atabofya tu mahali ili aendelee na kazi. Ongeza na WindowActivate, la kuhamia dirisha jingine, maana nyaraka mbili zinaweza kuwa wazi kwa mioneko tofauti. Tangaza App, yaani Word yenyewe, kwa WithEvents kwenye class module, uiwashe ndani ya AutoExec, makro inayoanza yenyewe Word ikifunguka. Lakini variable inayoshika hiyo class ikae juu ya moduli. Ukiitangaza ndani ya AutoExec, inakufa AutoExec ikiisha na hutasikia tukio hata moja.

Hifadhi View.Type (aina ya mwoneko) ya mwisho. Ikibadilika, ndipo uite Invalidate ya utepe, inayoiambia Word iulize upya Ionekane. Ukiita kila kishale kikisogea, kompyuta ya steshenari itatambaa.

Utashauriwa kutumia OnTime, saa ya kuanzisha makro, ichungulie kila sekunde. Siipendi. Word inabeba saa moja tu ya OnTime. Makro nyingine ikiweka yake, yako inafutwa kimyakimya.

Hatua ya 4, iliyonikesha:

Sub Ionekane(control As IRibbonControl, ByRef jibu)
    On Error Resume Next
    jibu = False
    If Documents.Count = 0 Then Exit Sub
    jibu = (ActiveWindow.View.Type = wdOutlineView)
End Sub

Mwanzoni sikuwa na ule mstari wa Documents.Count wala wa On Error. Kwangu kila kitu kilienda sawa. Kwa dogo, baada ya muda vitufe vinaganda na linatokea kosa 91, yaani variable haina kitu ndani yake. Nikalaumu Word yake, nikalaumu hata umeme. Kumbe yeye hufungua Word kabla ya kuchagua waraka. ActiveWindow haipo, kosa linatokea, naye anabofya End ili liondoke. End inafuta variable zote: utepe umepotea, na class ya matukio imepotea nao. Kosa 91 lilikuwa msiba wa pili tu: makro ya kitufe ikiuita ule utepe, haupo tena. Nilikuwa nautafuta ugonjwa kwenye Invalidate, kumbe umeanzia nyuma kabisa.

Ipo mbinu ya kuhifadhi anwani ya utepe kwenye kumbukumbu na kuirudisha kwa CopyMemory ya Windows. Ukikosea anwani, Word yote inaanguka na utafiti wa mtu ndani yake. Afadhali kuzuia kosa kwenye kila callback na kila tukio.

Hatua ya 5. Jaribu kama mteja: fungua Word bila waraka wowote, halafu fungua waraka uliotoka kwenye barua pepe, ule wenye ukanda wa njano juu, kabla hujabofya Enable Editing.