Ikunjue barua mbele za Bwana

Ndugu yangu, ukiwa na jambo linalokukosesha usingizi, usimwombe Mungu juujuu. Mfalme Hezekia alipoletewa barua ya vitisho kutoka Ashuru, alipanda nyumbani mwa Bwana akaikunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Nawe fanya hivyo. Chukua majibu ya vipimo au ile notisi ya kuachishwa kazi, iweke mbele yako, isome kwa sauti, kisha useme unachotaka. Yesu alimwuliza Bartimayo, kipofu ambaye kila mtu alimwona ni kipofu, "Wataka nikufanyie nini?" Naye akajibu wazi: apate kuona.

Labda jana ulianguka dhambini, unaona haya kusogea mbele za Mungu. Sogea tu. Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, na sababu imetajwa mistari miwili nyuma: tunaye Kuhani Mkuu, Yesu. Ujasiri huo haumwamuru Mungu. Hata Gethsemane Bwana aliomba waziwazi, kisha akamwachia Baba.

Maneno yakikwama, usiondoke. Yule mwanamke Hana, aliyekuwa akimlilia Mungu ampe mtoto, aliomba midomo ikicheza tu, sauti isisikike, na Bwana akamkumbuka.