Somo: Fedha za ruzuku ya kikundi zitumike wapi, na wapi zisiguswe

Wahazini wa vikundi wananiuliza jambo hili kila mara, kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia ruzuku ndogo za jamii, kama zile za Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia), iliyoanza mwaka 1992 chini ya UNDP (Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa) na ambayo kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa dola 50,000 kwa mradi mmoja.

Hatua ya 1. Someni mkataba pamoja na kiambatisho cha bajeti, kwa sababu andiko la mradi mliloombea fedha si mkataba.

Hatua ya 2. Fungueni akaunti ya mradi yenye watia saini wasiopungua wawili.

Hatua ya 3. Angalieni tarehe. Gharama ya kabla ya mkataba kusainiwa, au ya baada ya muda wa mradi kwisha, kwa kawaida hukataliwa hata kama imo kwenye bajeti.

Hatua ya 4. Msihamishe fedha kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine bila ridhaa ya maandishi. Hapa ndipo niliponaswa mimi. Katika mwaka wangu wa kwanza wa uhazini tulipata mizinga ya nyuki kwa bei nafuu, zikabaki shilingi 640,000, nami nikanunua paneli ya sola ya ofisi baada ya kikao kizima kuafiki na muhtasari kusainiwa. Mkaguzi hakuuliza kama paneli inafanya kazi. Aliweka kidole kwenye mstari ulioandikwa «mizinga», akaomba barua ya mfadhili, na barua haikuwapo. Tulizirejesha fedha zile kutoka mifukoni mwetu, na awamu ya pili ikachelewa miezi minne. Angalieni sana: kikao cha wanachama hakibadilishi bajeti, na ruhusa ya kwenye simu si ruhusa. Mikataba mingine huachia asilimia fulani ihamishwe bila barua, lakini asilimia hiyo isomeni kwenye mkataba wenu, si wa kikundi jirani.

Hatua ya 5. Kabla ya kulipa, pimeni aina ya gharama. Vifaa, mafunzo, nauli za ufuatiliaji na kiasi cha gharama za uendeshaji kilichotajwa kwenye bajeti hukubalika. Madeni ya zamani, faini, kampeni za siasa, shughuli za ibada na kitu ambacho mfadhili mwingine ameshakilipia havikubaliki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Tumebakiza laki nane na mradi umekwisha. Tunaweza kugawana kama posho?
Jibu: Hapana. Rudia hatua ya 4.

Swali: Je, tukikopeshana kama kikoba kisha tukazirudisha na riba, mradi si utakuwa umefaidika?
Jibu: Taarifa ya benki itaonyesha siku fedha zilipotoka, na hiyo ndiyo hoja ya ukaguzi. Sikuitunga mimi kanuni hii, kwa hiyo usinikasirikie.

Swali: Mfadhili anataka mchango wetu, nasi hatuna fedha. Nguvu kazi inahesabika? Na wanawake wanaookota mbegu za mikoko kwa ujira hawana risiti, tufanyeje?
Jibu: Ahsante kwa kuuliza mapema. Nguvu kazi huhesabika pale mkataba unapokubali mchango usio wa fedha taslimu: zidisheni siku za kazi kwa ujira wa kibarua wa kijijini kwenu, na kila siku mahudhurio yasainiwe palepale shambani, kwani orodha iliyoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja humtia mkaguzi shaka. Waokota mbegu muwaandalie karatasi ya malipo yenye jina, siku, kiasi na sahihi au dole gumba.

Swali: Na risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) zinazofifia?
Jibu: Zitoeni kivuli siku hiyohiyo na mzibane pamoja na hati ya malipo. Msizifunike kwa selotepu, kwani maandishi yaliyo chini yake hufutika upesi zaidi.