Umepewa kiboksi cha laka kutoka Japani au China? Kitunze hivi

Huku Moshi wageni wanaokuja kupanda mlima saa nyingine wanaacha zawadi, na mojawapo ni vile viboksi vya laka, yaani vilivyopakwa utomvu wa mti, vyeusi vinavyong'aa vyenye maua ya dhahabu juu ya mfuniko, halafu mtu anakiweka dirishani kipigwe jua weeee mpaka kinapauka. Usifanye hivyo.

Kwanza kijue ni chenyewe au plastiki. Kigeuze, mulika na tochi ya simu, ukiona mstari wa kalibu pembeni hiyo ni plastiki, chenyewe mara nyingi ni mbao nyembamba na ni chepesi. Ile dhahabu Wajapani wanaiita maki-e, ni unga wa dhahabu unanyunyizwa laka ikiwa bado mbichi, kwa hiyo piga picha kwa karibu alafu izumu, utaona chengachenga za unga, ila za kuprinti zinaonyesha vidoti vimejipanga. Vile vyekundu vya China vilivyochongwa ni kazi kweli kweli, laka inapakwa tabaka juu ya tabaka, vingine zaidi ya 100, ndo fundi anaanza kuchonga. Usijaribu kuchoma na sindano ya moto ati unapima, utaharibu bure.

Sasa kutunza. Laka ni utomvu wa mti wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho, ukiwa mbichi unawasha balaa, ukishakauka hauna shida. Na haukaushwi juani, mafundi wanaweka kwenye kabati lenye unyevu wa kama asilimia 70 hadi 85, ndo unashika. Kwa hiyo ule ukavu wa Januari na Februari ndo adui, mbao inasinyaa na laka inapasuka, we weka glasi ya maji ndani ya kabati pembeni yake, hata baadhi ya makumbusho wanafanya hivyo. Juu ya friji au karibu na tivii hapana, kuna joto.

Vumbi la huku lina mchanga, ukifuta moja kwa moja unakwaruza, anza na brashi laini ndo ufuate na kitambaa cha pamba kikavu, na penye dhahabu usisugue kabisa. Kiwi, tina, spiriti, polishi ya makochi, vyote weka mbali. Kikiwa na mafuta ya vidole tumia kitambaa kilichokamuliwa vizuri halafu kausha hapo hapo.

Kikibanduka usikimbilie supagluu bana, okota vile vipande weka kwenye bahasha, fundi anayejua atavirudishia. Na ukikihifadhi kifunge na khanga kuukuu, sio mfuko wa nailoni.