Mwajiri, jiandae kabla barua ya likizo haijafika mezani

Wenye shule binafsi, hoteli na karakana wengi hapa Tanzania huitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 siku mfanyakazi anapoingia ofisini na cheti cha daktari. Siku hiyo huwa umeshachelewa.

Anza na tarehe ya kuajiriwa ya kila mtu. Likizo ya mwaka ina mzunguko wa miezi 12, lakini ya ugonjwa, ya uzazi na zile za msiba zina mzunguko wa miezi 36, nao huanza siku mtu alipoanza kazi. Aliyeajiriwa Machi 1, 2023, mzunguko wake uliisha mwishoni mwa Februari 2026. Ukisahau hili, hesabu ya ugonjwa yote inaharibika: siku ni 126 kwa mzunguko mzima, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anayezianza upya kila Januari analipa zaidi ya anavyodaiwa. Anayebeba siku za mzunguko uliokwisha atamkata mtu mshahara isivyo halali. Jumapili na siku nyingine za mapumziko zikiangukia ndani ya likizo, nazo huhesabiwa.

Aliye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo hizi zenye malipo. Lakini usijifiche kwenye mikataba ya miezi miwili miwili: ukimwajiri mtu huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na jumla ikapita miezi sita, haki anayo.

Kwa ED (karatasi ya daktari inayompa mgonjwa mapumziko ya kazi), wafanyakazi wajue mapema inapelekwa kwa nani. Bila cheti cha daktari hulazimiki kulipa siku hizo. Aliyeumia kazini ni suala jingine, linapitia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Uzazi ndio unaohitaji maandalizi zaidi, na sheria imekupa muda: mama anatakiwa akutaarifu walau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha cheti. Tumia miezi hiyo kumpata wa kushika nafasi yake. Anaweza kuondoka wiki nne kabla ya kujifungua. Malipo ni siku 84, au 100 akipata mapacha, na haruhusiwi kurudi ndani ya wiki sita mpaka daktari athibitishe. Akirudi, ratiba yake iwe na nafasi ya kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nakala za zamani za sheria ziweke kando, maana marekebisho ya 2025 yamewagusa akina mama wa watoto njiti. Na meneja asithubutu kutamka kwamba mkataba unakatishwa kwa sababu ya mimba.

Baba ana siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Msiba wa mzazi, mwenza au ndugu wa kuzaliwa naye ni siku nne, na hicho ni kiwango cha chini tu. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda kuzika Kigoma atazimalizia njiani. Amueni mapema, kwa maandishi, kama siku za ziada zitatoka kwenye likizo ya mwaka au zitakuwa bila malipo.

Kila ombi na kila jibu vitiwe saini na tarehe, viingie kwenye faili la mhusika. Mgogoro ukifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, msuluhishi ataomba karatasi, na faili hilo litunzwe miaka mitano baada ya mtu kuacha kazi.